Kijiwe cha bao hakina refa: haki inatoka wapi?

Leo naomba tuachane kidogo na siasa na mambo ya Simba na Yanga. Nataka tuongelee kitu ambacho ukishuka kwenye daladala hapa Maili Moja, au ukienda Picha ya Ndege, au ukivuka kwenda upande wa Kisarawe, lazima utakipita: watu wamejikusanya chini ya mwembe, wawili wamekaa, wengine kumi wamesimama, na wote wanaongea kwa wakati mmoja. Yaani vijiwe vya bao, drafti na karata. Mada yangu ni haki na heshima kwenye vijiwe hivyo.

Najua kuna atakayesema "dogo huna kazi ya kufanya". Sawa mkuu, lakini nisikilize kwanza. Mpira una refa, una kadi nyekundu, una TFF ya kwenda kulalamika. Kijiwe hakina hata kimoja. Ukidhulumiwa pale hakuna pa kukata rufaa. Kinachokulinda ni waliokaa pale wenyewe, na wao wakiwa wakorofi basi imekula kwako. Na vijiwe vinakufa kwa ajili hiyo. Hapa nilipo kuna kimoja mwaka jana kilikuwa kinajaa mpaka watu wanakalia madumu, leo kina wazee watano na sura ni zile zile. Watu wanasema simu ndiyo zimeua kijiwe. Mimi nakataa, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na bao lenyewe maana humu kuna wadau wengi wameliona tu kwa mbali. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo nane nane, jumla mashimo 32, na kete 64 ambazo kwa kawaida ni komwe. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Mchezo unaanza kila mtu akiwa na kete 6 kwenye nyumba, kete 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, na kete 22 mkononi. Hatua ya kwanza inaitwa kunamua: kila zamu unaweka kete moja kutoka mkononi. Kete za mkononi zikiisha mnaingia hatua ya mtaji, hapo mnacheza zilizopo ubaoni tu. Ukiwa na cha kula lazima ule. Ukiwa huna, unatakasa, yaani unatembeza kete bila kula. Safu yako ya mbele ikibaki tupu, au ukikosa pa kuchezea, umefungwa.

Hayo ndiyo mepesi. Chini yake kuna sheria ndogo ndogo nyingi sana, na hapo ndipo dhuluma inapojificha.

Kuna dhuluma ya mkono kwanza. Mchezaji mzoefu anatembeza kete kwa kasi, tap tap tap, jicho la mgeni haliwezi kufuata. Ni rahisi kudondosha mbili kwenye shimo moja, au kuruka shimo, ili kete ya mwisho iangukie anapopataka yeye. Wengine wanafanya kwa bahati mbaya kweli, maana mkono una kasi kuliko akili. Wengine wanajua wanachofanya. Dawa ipo na ni hesabu ya darasa la tatu. Wakati wa kunamua kila mmoja anatoa kete moja kila zamu, kwa hiyo mkishacheza zamu sawa, kete mlizobaki nazo mkononi lazima zilingane. Mmecheza mara tano kila mmoja? Kila mtu awe na 17. Mwenzako ana 18, kuna zamu hakuweka kitu. Na muda wowote, za ubaoni ukijumlisha na za mikononi ni 64. Kumwambia mtu "tuhesabu" isiwe tusi. Kwenye kijiwe kizuri mzee mwenyewe anakufungulia kiganja kabla hujamwomba.

Dhuluma ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu anayeifanya hajavunja sheria yoyote. Hii nataka niikalie kidogo.

Kwenye mtaji kuna sheria inaitwa kutakasia. Iko hivi: mimi sina cha kula, natakasa. Nikimaliza, na wewe huna cha kula, kwa hiyo na wewe lazima utakase. Sasa kama kwako kuna shimo moja tu ambalo mimi zamu ijayo naweza kulila, shimo hilo nimelitakasia. Huruhusiwi kuanzia hapo. Utacheza shimo jingine na lile litabaki linasubiri kuliwa. Kuna misamaha yake: kama shimo hilo ni nyumba ambayo bado haijavunjwa, au ndilo pekee lenye kete kwenye safu yako ya mbele, au ndilo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja, hapo unaweza kulicheza. Ni sheria ya kweli kabisa ya bao la Kiswahili, haijatungwa Kibaha.

Sasa fikiria wewe ni dogo wa kidato cha pili. Umejifunzia nyumbani bao la kujifunza, lile la kuweka kete mbili mbili kila shimo. Umekuja kijiweni, umeamkia wote "shikamooni", umepewa nafasi baada ya kusubiri saa nzima. Unapambana mpaka unaingia mtaji. Unaona shimo lako zuri liko hatarini, unafanya kitu ambacho akili yoyote ingefanya, unalishika ulikimbize. Mzee anakwambia "weka chini, hilo nimelitakasia." Unauliza maana yake nini, kijiwe kizima kinacheka. Mmoja anasema "huyu arudishwe chekechea." Unaweka chini, unafungwa, unaondoka.

Hili nimeliona kwa macho yangu kwenye hicho kijiwe ninachokisema. Yule dogo aliamini sheria imetungwa pale pale ili afungwe. Akaenda akawaambia wenzake. Tangu hapo yeye na wenzake hawajarudi. Mzee ukimuuliza atakwambia "mimi nimecheza kihalali", na ni kweli, kacheza kihalali! Lakini sheria aliitaja dakika ile ile inayomfaidisha. Angeitaja kabla ya kunamua, dogo angefungwa vile vile maana kiwango chake kilikuwa chini, ila angeondoka na kitu cha kufikiria njiani, na kesho yake angekuja kujaribu tena.

Kuna nyingine ya aina hiyo: kwenye mtaji, shimo lenye kete zaidi ya 15 huwezi kuanzia kula nalo. Mgeni anazilimbikiza kete zake kwa furaha, mwenyeji anamwangalia tu kimya anatabasamu. Akishafika 16 ndiyo anaambiwa. Jamani.

Kwa hiyo maoni yangu mimi: anayejua zaidi ndiye mwenye deni. Kabla kete haijaguswa aseme, "hapa tunacheza na kutakasia, kumi na sita haili, ukishaanza kutembeza hurudishi, kuna swali?" Ni sekunde ishirini. Na kama mgeni hakuelewa, akigusa shimo lililotakasiwa mara ya kwanza aelezwe taratibu, achague jingine, maisha yaendelee.

Kwenye drafti hali ni hiyo hiyo tena mbaya zaidi, kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Ubao wa kuchora kwenye boksi, vizibo vya soda kumi na viwili kwa kumi na viwili, nani asiyejua? Halafu mnafika katikati, mmoja kasahau kula. Huyu anasema kete yako naichukua, yule anasema hapana, rudi ule. Kila mtu anaapa kwamba "kwetu ndivyo tunavyocheza", na wote wanasema kweli, kwao ndivyo wanavyocheza. Ugomvi wa drafti nilioushuhudia karibu wote ulianzia hapo.

Haya, tuje kwa watazamaji. Hawa ndio balaa lenyewe!

Kijiweni mtazamaji anajiona kama kocha. "Cheza hicho!" "Aaah, umeua!" "Angalia kichwa, angalia kichwa!" (Kichwa kwenye bao ni shimo la mwisho la safu ya mbele, msije mkafikiri anapigwa mtu.) Wengi wanaona ni raha ya kijiwe na mimi nakubali, kijiwe kimya ni kama msiba. Lakini tuangalie nani anasaidiwa. Mara nyingi watazamaji wanamfundisha rafiki yao, au mwenyeji dhidi ya mgeni wa Mlandizi, au mwenye pesa. Mgeni anakuwa anacheza na watu sita. Akilalamika anaambiwa ana hasira. Wakati mwingine wanamsaidia mdogo dhidi ya bingwa, hapo angalau kuna mantiki, ila bado mlitakiwa mkubaliane mwanzo. Kijiwe kimoja nilikiona kina utaratibu mzuri: mtazamaji anaruhusiwa kuongea chochote baada ya kete kutua, kabla ya hapo mdomo kimya. Wanachambua mchezo ulioisha mpaka jua linazama na hakuna aliyekosewa. Kwenye chesi ya mashindano ni wakali zaidi, sheria za shirikisho la dunia, FIDE, zinakataza kabisa kumsumbua au kumkera mpinzani kwa namna yoyote, na kipande ukikigusa kwa nia ya kukicheza lazima ukicheze. Hatuhitaji kufika huko. Mwembe sio ukumbi wa mashindano.

Kuhusu matani. Pwani hapa tumezaliwa na utani. Mzaramo na Mnyamwezi wataambiana maneno ambayo mgeni akisikia atapiga simu polisi, na wao wanacheka. Kufungwa bao bila kuzomewa ni kama pilau bila viungo. Mwaka 1982 mtafiti Philip Townshend aliandika makala akiunganisha bao na maadili ya Waswahili, yaani mzungu kabisa alikaa akaona kwamba pale chini ya mti kuna zaidi ya kuhesabu mbegu. Ila utani una mipaka yake na kila mtu anaijua, hata anayeivuka. "Leo umelishwa mchanga" ni utani. Kumtajia mtu kuwa mke wake amemkimbia, au kwamba anashinda kijiweni kwa sababu amefeli fomu foo, hiyo siyo. Utani unaruhusu wa kujibu. Dogo wa miaka kumi na tano hawezi kumjibu mzee wa miaka sitini kwa maneno yale yale, ataambiwa hana adabu. Kwa hiyo mzee akimrushia, anamrushia mtu aliyefungwa mikono. Na sisi vijana nasi tusijifanye malaika: kuna wanaomfunga mzee wa watu halafu wanasimama wanaruka ruka mbele yake kama wamefunga goli Taifa. Mzee yule ndiye aliyekuamkua asubuhi akakuuliza mama anaendeleaje.

Foleni na mwenye ubao nitapita haraka. Mnakumbuka utotoni mwenye mpira ndiye anayepanga timu, na akitolewa mpira unaenda nyumbani? Hata kwenye baba na mama, mwenye vijungu ndiye mama siku zote. Vijiwe vingi bado viko hivyo hivyo ila wahusika wana ndevu. Mwenye bao anaruka foleni, rafiki wa mwenye bao anawekewa nafasi. Utaratibu wa aliyefungwa anyanyuke ungetosha kabisa kama ungefuatwa na wote. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipenda bao, picha zake akicheza zipo mtandaoni, zitafuteni hapo kafe kabla muda wenu haujaisha. Kama rais aliweza kukaa kwenye bao akafungwa kama binadamu wengine, nyinyi wenye viti vya plastiki vitatu mnajiona nani? Hehehe.

Sasa kuna kitu nilikisoma kinachohusu wenzetu wa mbali na kimenifundisha kuhusu vijiwe vyetu. Mwaka 1974 huko Marekani jamaa wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Watu wanakaa mezani na karatasi, penseli na dadu, moja ina pande ishirini. Kila mtu anajifanya mhusika fulani, shujaa, mchawi, mwizi, na mmoja wao ndiye anayesimulia hadithi na kuamua dunia ile inajibu nini. Unasema "naruka ukuta", unarusha dadu, msimuliaji anakwambia umeruka au umevunjika mguu. Hakuna anayeshinda, hadithi inaendelea tu hata miezi. Mfikirie bibi anasema "paukwa!", mnajibu "pakawa!", halafu badala ya kusikiliza tu, wewe ndiye sungura na unaamua sungura afanye nini.

Sasa mchezo kama huo usio na mshindi ungedhani hauna ugomvi. Wapi! Msimuliaji anapendelea rafiki yake. Mmoja anaongea masaa matatu, wengine hawapati zamu. Mwingine anaingiza kwenye hadithi mambo ya kumdhalilisha dada aliyekaa mezani, akiulizwa anasema "si mimi, ni mhusika wangu". Mnaona? Matatizo ni yale yale ya chini ya mwembe. Walichofanya makundi mengi ni kukutana kwanza kabla ya kucheza, bila dadu, wanaongea tu: tunacheza aina gani ya hadithi, nini hatutaki kukisikia, mtu akichelewa tunafanyaje. Na kuna mmoja anaitwa John Stavropoulos alibuni kitu rahisi sana, kadi yenye alama ya X inawekwa katikati ya meza. Jambo likikuumiza unaigusa, hadithi inaruka sehemu hiyo, hakuna anayekuuliza kwa nini.

Sisemi tuweke kadi ya X kwenye bao, nitachekwa mpaka Chalinze. Ila kule kuongea kabla ya kucheza hakuhitaji kuwa Mmarekani.

Halafu hapo kwenye dada mezani. Wadau tuwe wakweli, ni lini mara ya mwisho mmeona msichana amekaa kwenye bao la barabarani hapa kwetu na hakuna aliyesema neno? Wanajua kucheza, wengine wamefundishwa na babu zao nyumbani. Kijiweni akisogea anaulizwa amemfuata nani. Akikaa akashinda, aliyefungwa anasema alimwachia. Akishindwa, "si tulisema." Kwa hiyo hana mchezo anaoweza kuucheza pale. Jirani zetu Uganda, Phiona Mutesi alitokea Katwe, mtaa wa maskini wa Kampala, akaingia kwenye kikundi cha watoto cha kocha Robert Katende, akafika kuiwakilisha nchi yake kwenye mashindano ya dunia ya chesi. Kitabu kuhusu maisha yake kilitoka 2012 na filamu, Queen of Katwe, mwaka 2016. Kipaji kilikuwa chake, lakini kuna siku alifika mlangoni mara ya kwanza na kuna mtu alimwonyesha pa kukaa. Kwenye vijiwe vyetu angeulizwa amemfuata nani.

Pesa nimeiacha mwisho kwa makusudi. Soda moja ya mshindi sina neno nayo. Ila ikishafika buku mbili, buku tano, kila nilichoandika hapo juu kinageuka. Mtazamaji ana dau, kwa hiyo anafundisha kwa nguvu. Mkono unakimbia zaidi. Sheria ya kutakasia inakumbukwa na kusahauliwa kutegemea nani anafungwa. Kwa Waislamu, ambao huku Pwani ndio wengi wa wazee wa bao, kamari ni haramu, na mzee wa maana dau likiwekwa ananyanyuka anaenda zake, kwa hiyo mnabaki na wale wasio wa maana. Kisheria pia mnajitafutia: tangu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ipo bodi ya kusimamia, na biashara hiyo inataka leseni. Mwembe hauna leseni.

Narudi kwenye kile kijiwe cha wazee watano na hoja ya simu. Wale madogo walioondoka wanacheza drafti kwenye simu sasa hivi, nimewaona. Simu inaonyesha kete zipi unaruhusiwa kucheza kabla hujagusa, haikuchekei, haimpendelei mtoto wa dada yake, na zamu ni zamu. Ndiyo maana nasema simu haikuwaondoa kijiweni, iliwapokea tu. Juzi nilimwambia mzee mmoja wa pale, fundi baiskeli, kwamba angewaambia habari ya kutakasia mapema wangebaki. Akanijibu, "Mwanangu, sisi tulifundishwa kwa kufungwa, nani alituambia kitu?" Nikamuuliza, Babu, waliokufundisha walikuwa wanacheka? Akafikiri, akasema baba yake alikuwa hacheki. Halafu akanikaribisha Jumamosi nikae naye, na akaongeza kwamba nikimpata yule dogo nimlete.

Dogo nimeshamtumia ujumbe, hajajibu bado. Swali kwenu wadau: kwenye kijiwe chenu, iwe Kongowe, Mlandizi, Minaki au popote mlipo, kutakasia mnaitaja kabla ya kunamua au mpaka mgeni aguse? Na wasichana wanakaa au hawakai? Semeni ukweli, matusi hapana.

Naomba kuwasilisha.